Hifadhi Hupimwa Ukanda wa Kinga, Si Kiini

Nikisoma taarifa za hifadhi, maneno ninayoyatilia shaka kuliko yote ni "matumizi endelevu". Si kwamba hayana maana. Yana maana nzuri mno hata kila mtu huyakubali kabla hajajiuliza anakubali nini. Mpasua mbao, mhifadhi na mwenye hoteli ya watalii huyatamka kwa moyo mmoja, ilhali kila mmoja ana msitu wake kichwani. Kwangu maneno hayo huanza kuwa na uzito pale ninapoelezwa kinachochukuliwa ni kiasi gani, kinachukuliwa msimu gani, na nani ana mamlaka ya kusema basi.

Mpango wa matumizi hayo uliokamilika zaidi kwenye karatasi ni ule wa hifadhi hai, yaani maeneo yanayolindwa pamoja na watu wanaoyatumia, zilizotokana na Mpango wa Binadamu na Hifadhi Hai ambao UNESCO iliuanzisha mwaka 1971. Za kwanza zilitangazwa mwaka 1976, na leo ziko zaidi ya 700 katika nchi zaidi ya 130. Kila moja ina sehemu tatu: kiini, kinacholindwa kisheria, ukanda wa kinga unaokizunguka, ambamo huruhusiwa shughuli zisizokidhuru, na eneo la mpito, ambamo watu huishi, hulima, hufuga na kufanya biashara zao. Ramani yake hupendeza kama yai lililopasuliwa, ingawa hakuna mnyama aliyewahi kuisoma. UNESCO yenyewe haimiliki hata shubiri moja ya ardhi hiyo wala haina askari wa doria. Sheria ni za nchi husika, na hifadhi hutakiwa kufanyiwa tathmini kila baada ya miaka 10.

Maoni yangu ni kwamba tunakitazama kiini kupita kiasi. Kazi iliyo ngumu iko katika ukanda wa kinga, kwa sababu huko jibu si ndiyo wala hapana, bali ni "kidogo", na kidogo cha mtu mmoja si kidogo cha mwenzake.

Tazama Sian Ka'an, katika pwani ya Karibi ya Mexico, iliyotangazwa kuwa hifadhi hai mwaka 1986. Wavuvi wa ushirika wa Punta Allen waligawana ghuba yao kwa viwanja, kana kwamba bahari ni shamba lenye mipaka. Mvuvi huweka kwenye sakafu ya bahari vibanda vifupi, paa tu lililoinuliwa kidogo, na kambakochi, ambao hupenda kivuli na mwanya wa kujifichia, huingia wenyewe. Yeye hupiga mbizi, huwatoa wakiwa hai, kisha huwapima. Asiyefikia kimo kinachoruhusiwa hurudishwa majini, na jike mwenye mayai vilevile. Kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni hakuna kuvua. Kwa kuwa kiwanja kina mwenyewe, anayemrudisha kambakochi mdogo leo ana tumaini la kumkuta amekua, na anayevua kwa kificho atajibu kwa majirani kabla ya kujibu kwa serikali.

Kinyume chake kiko Acre, nchini Brazil. Chico Mendes, mgema mpira na kiongozi wa wafanyakazi, aliuawa Desemba 1988 kwa kupinga misitu kufyekwa ili kupata malisho. Mwaka 1990 ilitangazwa hifadhi yenye jina lake, karibu hekta milioni 1, ambamo wakazi waliruhusiwa kugema mpira na kuokota kokwa za msituni. Kanuni zilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni bei. Mpira wa msituni haukuweza kushindana na ule wa mashamba makubwa, na familia nyingi zikageukia ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe hupata mnunuzi hata siku ile mtoto anapougua. Ufyekaji ambao Mendes aliupinga sasa umo ndani ya hifadhi yake. Sioni haki ya kuwalaumu wafugaji hao kabla ya kuwauliza waliochora mipaka walitarajia wale nini.

Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba watumiaji wanaweza kutunza mali ya pamoja pale mipaka inapokuwa wazi, wanaposhiriki kutunga kanuni, na adhabu inapoanza ndogo na kupanda kwa anayerudia kosa. Namwamini, lakini siendi na wanaodai kwamba kwa hiyo kiini kifunguliwe. Wapo viumbe wanaozaa polepole mno, na kwao hata kidogo ni kingi.

Mwaka 2022 nchi zilikubaliana huko Montreal kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo 2030, na lengo hilo lenyewe linaruhusu matumizi endelevu. Hofu yangu ni kwamba hekta ni rahisi kuhesabu. Nikionyeshwa ramani mpya iliyopakwa kijani, nitaomba kwanza daftari la ukanda wa kinga, nione kilichovunwa mwezi uliopita, nani alikipima, na lini kwa mara ya mwisho mtu alinyimwa ruhusa.