Ratiba ya maktaba ya Toledo na ukumbi wetu wa Tanga

Ndugu zangu wa nyumbani wakiniuliza Marekani kuna nini cha maana, hutegemea nitaje magari au mishahara. Mimi hutaja maktaba, na wengi hudhani nawatania. Naishi Toledo, jimbo la Ohio, mji ambao kwenye makaratasi ni mji ndugu wa Tanga. Ndiyo, udugu huo upo rasmi, ingawa ukimsimamisha mtu njiani huku au kule Tanga, mtaa wa Chumbageni, ukamuuliza habari za huyo ndugu yake, sidhani kama atakujibu lolote.

Kila mwanzo wa mwezi maktaba ya mtaani kwangu hutoa ratiba, karatasi iliyokunjwa mara tatu, unaichukua mlangoni. Kila kilichomo ni bure. Kuna asubuhi ya hadithi kwa watoto wachanga, wengine hata kutambaa bado. Kuna mviringo wa wageni wanaojifunza kuzungumza Kiingereza, na anayewaongoza ni mwalimu mstaafu asiyelipwa hata senti. Kuna siku ya kusaidiwa kuandika maombi ya kazi kwenye kompyuta, jioni ya kufuma, na mwezi wa kupanda ukifika kuna kabati la vidroo vyembamba vilivyojaa mbegu: unachukua nyanya, maharage, unakwenda kupanda, na ukivuna unaombwa urudishe mbegu kidogo. Hulazimishwi. Mpaka katikati ya Aprili wapo pia wanaojitolea kukujazia fomu za kodi, kazi ambayo ofisi za binafsi huifanya kwa bei ya kuumiza.

Kinachonishangaza si wingi wa shughuli. Ni kwamba mlangoni hakuna anayekuuliza umefuata nini. Wapo wazee wanaokuja kusoma gazeti na wapo wasio na nyumba wanaokuja kuota joto wakati wa barafu na kuchaji simu, na wote wanakaa meza moja na mwanafunzi wa chuo. Mara ya kwanza nilipomleta binti yangu kwenye hadithi, alianza kulia katikati ya kitabu. Nikasimama kumtoa, kama ambavyo mama yeyote wa kwetu angefanya. Mkutubi, mwanamke mtu mzima aliyekuwa amepiga magoti kwenye zulia na kinyago cha bata mkononi, akaniashiria nikae. Akaongeza sauti, akaendelea kusoma juu ya kilio. Watoto wengine walishazoea.

Lakini nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Shughuli nyingi za huku zinaziba pengo ambalo Tanga halipo. Ile jioni ya kufuma, kwa mfano. Mama mmoja pale aliniambia kwamba ndiyo siku pekee kwa juma anayoongea na mtu asiye muuza duka. Mama wa umri wake kule Makorora hawezi kumaliza asubuhi bila jirani kuingia kuomba chumvi, na chumvi yenyewe ni kisingizio. Kwa hiyo anayetaka kuibeba ratiba ya Toledo na kuibandika Tanga kama ilivyo atachekwa, na atastahili.

Swali langu ni jingine: Tanga nani hana pa kukaa?

Wanaume wanapo. Pita Ngamiani baada ya alasiri, barabara yoyote utakayochagua katika zile za namba, utakuta baraza, kahawa chungu, bao, na mzee anayesimulia ubingwa wa soka wa timu yetu ya Coastal Union wa 1988 kama ulichukuliwa jana. Pale zinasomwa habari, zinachambuliwa sheria, wanashauriwa vijana. Hiyo ni maktaba bila vitabu na wala sisemi kwa kejeli. Ila mimi mwanamke sikai pale. Sisi hukutana msibani, harusini, kwenye kikoba. Mwanamke wa Tanga hukutana na wenzake akiwa na kazi mkononi au mchango mkobani. Mahali pa kukaa tu, umevaa baibui lako, umemshika mtoto, hudaiwi kitu wala huchambui mchele wa shughuli ya mtu, mimi nyumbani sikupaona. Na msichana aliyemaliza kidato cha nne akawa anasubiri majibu, yeye yuko wapi? Yuko ndani, na simu.

Jengo tunalo. Maktaba ya Tanga ni ya miaka ya 1950, ilipewa jina la Mfalme George wa Sita enzi hizo za ukoloni, na iko katikati ya mji, si mbali na bahari. Nimesomea pale mitihani yangu. Nyumbani tulikuwa wengi na meza moja, kwa hiyo ule ukimya ulinifaa sana, na wanafunzi wa leo nawaombea waendelee kuupata. Lakini mtihani ulipokwisha sikurudi, wala wenzangu hawakurudi. Kwetu tulilelewa kujua kwamba maktaba ni ya mwenye mtihani. Ongeza na ada ya uanachama inayotozwa katika maktaba zetu za mikoa. Hata ikiwa ndogo, inamwambia mama wa mtaa wa Mabawa kwamba humu kuna wenyewe.

Wengi watasema wenzetu wana hela. Wanazo. Ila tazama zinavyokuja. Maktaba za Ohio hupata fungu kutoka serikali ya jimbo, na fungu jingine ni kodi ya majengo ambayo wakazi wa kaunti huipigia kura. Wakiikataa, maktaba inabana matumizi. Kwa hiyo mkutubi wa Toledo ana sababu ya kumfurahisha yule mama wa kufuma: ni mpiga kura. Sisi maktaba zetu ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1963, na fedha zinashuka kutoka juu. Hakuna siku mtu wa Ngamiani alipoulizwa anataka nini mle ndani. Sisemi tuanze kupigia kura kodi, Mungu atuepushe na mabishano hayo. Nasema anayekulipa ndiye unayemsikiliza.

Na wala hili si jambo la kigeni. Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu pale Dar es Salaam Desemba 1967, na miaka ile ile elimu ya watu wazima ilikuwa kila kijiji. Mwaka 1973 ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio, wakisikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Bure, jioni, bila kuulizwa cheti. Tulikuwa nayo hayo, tukayaacha yakafa, sasa tunayastaajabia Ohio.

Mimi ningeomba Jumamosi nne tu pale maktaba ya Tanga. Moja ni ya fomu. Siku hizi kijana anayeomba mkopo wa chuo anakwenda steshenari kulipa ili ajaziwe, na akikosewa tarakimu moja ni juu yake. Wahitimu wanaokaa bure mjini wangeweza kumsaidia. Moja ni ya wavuvi wa pale pwani ya Deep Sea kuwaeleza watoto pepo za kaskazi na kusi, maana mtoto wa Raskazone leo anaijua barafu ya kwenye katuni kuliko upepo unaompiga usoni. Moja ni ya taarabu, lakini ya kusimuliwa: wapo wazee wanaovikumbuka vikundi vya Black Star na Lucky Star, na kumbukumbu hizo hazijaandikwa zote. Ya mwisho ni ya akina mama na watoto, hadithi na kupimwa presha, basi. Mji uliokipa Kiswahili mshairi Shaaban Robert, ambaye kaburi lake liko Machui, haukosi watu wa kusema.

Kikwazo nakijua. Nilipokuja likizo niliulizia kwenye ofisi moja kama ninaweza kupata chumba niwasomee watoto. Nikaambiwa, kwa adabu kabisa, “Dada, andika barua, eleza lengo, idadi ya washiriki na bajeti.” Bajeti ya kusoma hadithi! Nilipowaambia majirani, swali la kwanza likawa kama kutakuwa na posho. Semina zimetuharibu. Tumezoea kwamba ukiitwa kukaa ukumbini basi kuna bahasha, au japo soda, na sijui ugonjwa huu unatibiwaje zaidi ya kuanza na wachache watakaokuja bila bahasha.

Sisi wa ughaibuni nasi tuna letu. Tunapenda kuchangishana na kutuma kontena la vitabu, vingi vya Kiingereza na vilivyotupwa na maktaba za huku. Nimechangia na mimi. Safari hii nimewaambia wenzangu wa Ohio: fedha ya kontena imlipe mlinzi na umeme ili mlango wa maktaba ya Tanga ukae wazi hadi saa mbili usiku. Mama yangu hakubaliani. Anasema saa mbili mtoto wa kike hatoki, tufungue Jumamosi baada ya alasiri na magharibi tufunge. Nimemwachia yeye apange saa, kwa kuwa ndiye atakayekuja.