Soseji Isiyotakiwa Kusikia Kengele

Sina ugomvi na chakula cha Wajerumani. Ugomvi wangu ni na saa zao. Aliyelelewa kama mimi, katika nyumba ambayo mgeni akipiga hodi saa tisa alasiri anapashiwa wali na maharage bila kuulizwa alikuwa wapi saa saba, atanielewa nikisema kwamba hapa Munich njaa yangu imepangiwa ratiba na watu ambao hatujawahi hata kusalimiana.

Shemeji yangu alipokuja kututembelea kutoka Moshi, alitamka wazi kwamba hakupanda ndege kuja kula ugali wa dada yake, bali alitaka chakula cha wenyeji. Nikampeleka akaonje Weißwurst, ile soseji nyeupe ya nyama ya ndama na mafuta ya nguruwe, iliyotiwa kotimiri na maganda ya limau, ambayo huletwa mezani ikielea ndani ya bakuli la maji ya moto pamoja na haradali tamu na brezeli, mkate uliosokotwa kama fundo. Kwa kuwa shemeji ni mtu wa kuoga taratibu, tuliketi kwenye mgahawa wa kizamani saa sita mchana ikiwa imeshapita kidogo. Mhudumu akatutazama kama watu waliokuja msibani siku ya arobaini wakiuliza maiti anazikwa saa ngapi. Soseji hiyo, kwa desturi ya Bavaria, jimbo lenye mji huu wa Munich, haitakiwi kusikia kengele za kanisa za saa sita mchana. Zamani sababu ilikuwepo, maana ilitengenezwa alfajiri, majokofu hayakuwepo, na kufikia mchana ingeweza kuharibika. Leo majokofu yamejaa mji mzima, na wapo wanaowauzia watalii soseji hiyo hata jioni, lakini mgahawa niliouchagua mimi ulikuwa wa watu wenye msimamo.

Tukatoka kutafuta mahali pengine, shemeji akisimama kila dirisha kusoma bei na kuzigeuza kuwa shilingi, kazi ambayo humpunguzia mtu hamu ya kula lakini haimpunguzii njaa. Tulipokubaliana, ilikuwa imepita saa nane, na jiko lilikuwa limefungwa hadi saa kumi na moja na nusu. Mlango ulikuwa wazi, viti vilikuwepo, bia ilikuwepo, mpishi mwenyewe tulimwona akivuta sigara uani, ila jiko ndilo lililokuwa limefungwa. Shemeji akaninong'oneza, "Shemeji, huyu bwana si yupo pale? Mwambie atukaangie hata mayai." Nilimwambia anyamaze, kwa sababu nilikwisha kuuliza swali hilo zamani na jibu lake nalijua. Kesho yake ilikuwa Jumatatu, siku ambayo migahawa mingi ya aina hiyo hupumzika, kwa hiyo tulishinda nyumbani na shemeji akala ugali wa dada yake.

Mahali pekee ninapopata nafuu ni kwenye bustani za bia. Mwaka 1812 Mfalme Maximilian I Joseph wa Bavaria aliwaruhusu wenye viwanda vya bia kuuza bia kwenye maghala yao, lakini akawakataza kuuza chakula zaidi ya mkate, ili wenye migahawa wasilie. Basi watu wakazoea kwenda na vyakula vyao, na desturi hiyo ipo hadi leo, alimradi ununue kinywaji chao na uketi kwenye meza zisizo na vitambaa. Mke wangu hubeba sambusa na ndizi za kukaanga, tukala chini ya miti bila kuulizwa ni saa ngapi. Shemeji alipapenda mno, akaanza kusimulia hadithi ndefu ya shamba la marehemu babu yao, na alipofika kwenye kesi ya mpaka tukaambiwa kwamba saa nne na nusu usiku imefika na vinywaji havitolewi tena, kwa maana kuna kanuni ya serikali ya Bavaria ya mwaka 1999 inayoeleza bustani ya bia inyamaze saa ngapi.

Sasa kaja na jipya. Amerudi Moshi akiwa na picha ya asparaga nyeupe, ile mboga ya machipukizi manene ambayo Wajerumani huila kwa viazi, siagi iliyoyeyushwa na vipande vya paja la nguruwe lililotiwa chumvi, na kila siku ananipigia simu kwamba atakuja mwezi wa kumi na moja kuila. Nimemweleza kwamba msimu wake huisha tarehe 24 Juni, siku ya Mtakatifu Yohane, na kwamba wakulima huacha kuvuna ili mmea upate nguvu za mwaka unaofuata. Amenisikiliza kwa utulivu hadi mwisho, kisha akaniuliza kama huko shambani hakuna mtu tunayeweza kuzungumza naye.