Mzigo ukirudi, nauli alipe aliyeuleta

Tazama kreti ya soda. Inatoka kiwandani na chupa zake 24, inapanda lori, inashushwa kwenye duka la jumla Majengo hapa Dodoma, inabebwa na bajaji hadi kibanda cha Ntyuka, na baada ya siku chache chupa zile zile ziko njiani kurudi. Hakuna anayezisindikiza. Mwenye kibanda anajua kitupu ni fedha yake, kwa hiyo anapanga kreti nyuma ya duka, anawafokea watoto wanaozichezea, na mteja akiondoka na chupa anamdai mpaka airudishe. Gari la vinywaji likifika, kijana wa mauzo anapitisha kidole kwenye midomo ya chupa moja moja. Iliyomeguka anaitenga, haimo kwenye hesabu. Mtungi wa gesi nao ni hivyo hivyo, unatoa mtupu unapewa uliojaa. Mambo haya yanafanyika bila kelele hadi vijiji vya Bahi na Chamwino.

Sasa inama uangalie rafu ya chini ya duka hilo hilo. Utakuta katoni ya biskuti iliyofika ikiwa imetobolewa na panya, maziwa ya pakiti yaliyovimba, sabuni ya unga iliyolowa ikagandamana, dumu la mafuta ya kula linalovuja mfunikoni. Juu ya boksi mwenye duka ameandika kwa maka peni: SIO ZA KUUZA. Anamsubiri wakala. Wakala alisema atapita wiki ijayo, na mwezi uliopita alisema hivyo hivyo. Mali hii hairudi, na sababu si umbali wala ubovu wa barabara, maana gari lililobeba kreti lilisimama mlangoni hapo hapo.

Nimefanya kazi ya stoo na usambazaji Dodoma kwa miaka mingi, sehemu kubwa upande wa Kizota, na nasema bila kuzunguka: gharama ya bidhaa mbovu kurudi ibebwe na aliyeileta sokoni. Leo inabebwa na mtu wa mwisho kabisa, mwenye mtaji mdogo kuliko wote, ambaye hakuitengeneza, hakuifungasha wala hakuipakia.

Watu watasema huyo wa mwisho ana haki yake kisheria. Ni kweli anayo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa iwe na ubora wa kuuzika na ilingane na maelezo au sampuli iliyoonyeshwa. Kuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume ya Ushindani inayomlinda mlaji. Lakini mama mwenye duka la rejareja Chang'ombe hatafunga duka siku nzima kufuatilia katoni moja ya biskuti. Hasara ya kufunga inazidi hasara ya biskuti, na aliyemuuzia analijua hilo vizuri. Ndiyo maana lile bango la "mali ikishauzwa hairudishwi" limekaa ukutani miaka yote bila kubanduliwa.

Jambo linaloniumiza zaidi ni jinsi mfumo wetu unavyomwadhibu mteja mzuri. Anayechukua mali kauli, yaani anapewa mzigo na kulipa akishauza, akipata mzigo mbovu hana shida kubwa, kwa kuwa fedha bado iko kwake. Anampigia wakala, anamwambia njoo uchukue vitu vyako, na wakala anakuja mbio kwa sababu asipokuja halipwi. Jirani yake aliyelipa taslimu siku ya kwanza, tena bila kuomba punguzo, anaambiwa aongee na ofisi. Ofisi inamwambia aongee na wakala. Nimeona wafanyabiashara wakiacha kabisa kulipa taslimu kwa sababu hiyo moja, hata wakiwa na fedha mkononi. Deni limekuwa kinga yao pekee.

Kuna na habari ya tarehe fupi. Kijana wa mauzo analipwa kamisheni kwa mzigo unaoingia dukani. Mwisho wa mwezi ukikaribia na lengo halijafikiwa, mzigo unasukumwa, na unaosukumwa kwanza ni ule uliobakiza muda mfupi kabla ya kuisha. Dar es Salaam hauchukuliki, kule wanunuzi wanasoma tarehe. Unapandishwa mikoani. Unafika Dodoma, unashushwa kwenye duka la kontena linalopigwa na jua la Oktoba kutwa nzima, na baada ya wiki chache mwenye duka ana mali iliyoeksipaya. Mkaguzi wa TBS, Shirika la Viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula na vipodozi, akiikuta rafuni, anayeulizwa ni mwenye duka. Kuiteketeza nako kuna taratibu zake chini ya usimamizi, na gharama ni za mwenye mzigo. Hapo wengine wanashindwa kuvumilia. Wanafungua katoni, wanafuta tarehe kwa pamba na spiriti, wanapeleka minadani kuuza kwa vipande. Hilo ni kosa na sitalitetea. Ila ukitaka kulikomesha, anza na aliyeupandisha mzigo ule mikoani akijua umebakiza muda gani. Siku gharama ya kuurudisha itakapokatwa kwenye hesabu zake, ataacha kuupandisha.

Usafiri upo. Dar hadi Dodoma ni kama kilomita 450, na lori lililopanda na saruji, sukari au vinywaji lazima lishuke. Wakati wa mavuno linapata mahindi ya Kibaigwa, alizeti na mashudu, vitunguu vya Singida. Mavuno yakiisha, dereva analala Kizota siku mbili tatu akitafuta mzigo wa kushusha, asipoupata anaondoka mtupu. Gari dogo la usambazaji linalokwenda Kondoa au Mpwapwa ndilo la wazi zaidi, linatoka limejaa na linarudi na kreti tu. Na sasa tuna reli ya SGR, iliyoanza kuleta abiria hapa Julai 2024 na baadaye mizigo. Mabehewa nayo hayawezi kupanda yamejaa kisha yakashuka matupu milele. Nafasi ya mali mbovu ipo, tena kwa nauli ndogo. Kinachokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kusema pakia.

Vifaa vya umeme ndiyo balaa jingine. Mtu wa Mpwapwa ananunua televisheni kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeko Kariakoo, anaambiwa ina waranti ya mwaka mmoja. Kioo kinagoma mwezi wa pili. Waranti ipo, ila fundi wa waranti yuko Dar. Basi anaifunga upya kwenye boksi lake kama bado analo, anazungusha selotepu mpaka boksi linang'aa, anaandika namba ya simu pande zote nne, anaipandisha gari la Dodoma, inashushwa, inapandishwa basi la Dar, na kote huko analipa yeye. Kioo kikivunjika njiani anaambiwa amekivunja mwenyewe. Muuzaji anayejisifu kwa waranti kwa wateja wa mikoani angepaswa awe na sehemu moja tu Dodoma mjini ya kupokea vifaa vibovu, hata kama ni meza ndani ya duka la mtu mwingine, na safari kutoka hapo iwe juu yake. Waranti inayomtaka mteja alipe nauli ya kwenda na kurudi imeshakula nusu ya thamani yake.

Nirudi stoo, maana huko ndiko nilikojifunza kwamba bidhaa iliyorudi ina manufaa kuliko tunavyodhani. Tulikuwa na kaunta buku kubwa la marejesho. Mwanzoni tuliandika tarehe, jina la duka, idadi, basi. Baadaye tukaongeza safu ya sababu, na kijana wa kupokea alikatazwa kuandika "mbovu" peke yake. Aandike imekuwaje mbovu: imelowa, imebonyea, imevuja, muda umeisha, haikuagizwa. Baada ya miezi michache, ukipitisha macho kwenye safu ile unaona jambo. Katoni za mafuta zilizovuja karibu zote zilikuwa za safu ya chini kabisa ya lori, na zilivuja upande mmoja. Tukaenda kusimama kwenye upakiaji. Vibarua walikuwa wanapanga katoni kwa urefu mno kisha wanakaza kamba upande wa kushoto, na gari likipita matuta, uzito wote unalalia huko. Tukapunguza safu, tukaweka mbao chini, na uvujaji ukapungua sana. Kama maduka yangeendelea kumeza hasara yao kimya kimya, tusingejua kamwe. Kampuni inayokataa marejesho inajinyima habari hiyo, na hakuna utafiti wa soko utakaoileta.

Kupokea peke yake hakutoshi, lazima kuwe na uamuzi wa haraka. Kilichorudi kinachambuliwa siku hiyo hiyo. Kizima kilichokuja kwa kosa la oda kinarudi kwenye mauzo, kinachohitaji kufungashwa upya kinafungashwa, na kilichoharibika kabisa kinaandikiwa kuteketezwa. Kikikaa wiki tatu kwenye kona ya stoo, hata kile kizima kinaharibika. Dawa ziko mbali na haya yote. Hizo TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ndiyo wenye taratibu za kuziondoa, na hakuna mwenye duka la dawa anayepaswa kuzimwaga jalalani.

Najua hoja ya wasambazaji, nimeisikia mezani mara nyingi na nimewahi kuisema mimi pia kwa niaba ya mwajiri. Wanasema ukifungua mlango wa marejesho, wafanyabiashara watautumia vibaya. Ataagiza mzigo mkubwa wakati wa sikukuu, usipotoka anaurudisha. Atachanganya mali ya wakala mwingine. Wapo wanaofanya hivyo, sikatai. Dawa yake ni masharti yanayojulikana kabla mzigo haujashuka. Mali ya kuisha muda irudishwe ikiwa bado ina miezi inayotosha kuuzwa kwingine, si baada ya kuisha. Namba ya toleo kwenye katoni, ile inayoonyesha mali iliyotengenezwa pamoja, ilingane na iliyo kwenye ankara. Kilichoharibika njiani kisemwe wakati wa kupokea, mbele ya dereva, na dereva asaini. Kijana wa mauzo apewe kiwango anachoweza kukubali papo hapo bila kupiga simu Dar. Tumeweza kumkataa mtu anayeleta chupa iliyomeguka mdomo bila kufuta mfumo mzima wa kreti, kwa hiyo na hapa tunaweza.

Kuna sehemu moja ambayo hata masharti haya hayatoshi, nayo ni mbegu. Mkulima wa Kongwa ananunua mbegu ya alizeti Novemba, anasubiri mvua, anapanda Desemba. Zisipoota, pakiti imeshafunguliwa, mbegu ziko ardhini, na muuzaji anamuuliza atarudisha nini. Wakati wanabishana, mvua chache za Dodoma zinapita. Hata akirudishiwa fedha yake yote, msimu haurudi. Mali ya aina hii haina pa kuchelewea. Taarifa ndiyo inayotakiwa kurudi haraka, kabla wengine hawajapanda mbegu za toleo lile lile. Lebo za kukwangua za TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, zinasaidia kujua kama pakiti imethibitishwa, ila mkulima akishapanda, mara nyingi pakiti inaishia jikoni kuwashia moto.

Kwa hiyo ombi langu kwa wauza pembejeo wa Kongwa na Kibaigwa ni dogo na halihitaji fedha. Mnapoandika risiti msimu huu, andikeni na namba ya toleo iliyo kwenye pakiti, kisha na nyinyi mbaki na nakala yenye namba ya simu ya mnunuzi. Wakulima wawili watatu wakija na malalamiko ya toleo moja, pigeni simu kwa waliobaki siku hiyo hiyo, kabla hawajatia mbegu shambani, na zile ambazo hazijafunguliwa mzipokee. Kampuni ya mbegu ije izichukue kwa gari lake.