Waridi la jangwani lisichimbwe porini, mbegu zipo

Siku hizi ukipita kwa wauza maua wa kandokando ya barabara hapa Mwanza, Nyegezi mpaka huku Ilemela, waridi la jangwani hulikosi, na kusema ukweli nalipenda mno. Linalonikera ni lile zee lenye shina kama paja la mtu, mizizi imekatwa na panga, kovu bado bichi linavuja utomvu mweupe, halafu muuzaji anakwambia kwa fahari kabisa eti hili ni orijino, limetoka porini. Hapana jamani, hilo nalipinga.

Huu mti ni wa kwetu, unaota wenyewe kwenye ukame wa Eyasi na Mkomazi huko, tena umefika mpaka Uarabuni. Wazungu waliuandika baada ya mtaalamu wa mimea Peter Forsskål kuukuta Yemen, alifia hukohuko 1763 na maandishi yake yakatoka 1775, lakini Wahadzabe, wale wawindaji wa Eyasi, walishaujua zamani sana, wanachukua utomvu wake wanauchemsha mpaka unakuwa mzito ndio sumu ya mishale. Shina lile linatunza maji, kiangazi majani yanapukutika yote na bado unatoa maua ya pinki, ila kunenepa hivyo ni kazi ya miaka na miaka. Mtu anakuja na sururu anaung'oa dakika kumi tu. Na ule unaobaki peke yake mara nyingi haushiki mbegu, unahitaji mwenzake wa jirani na wadudu wa kuhamisha poleni, kwahiyo ukichimba mmoja umeharibu zaidi ya mmoja.

Halafu sisi huku mvua ni kama milimita 1,000 kwa mwaka, lile zee lenye vidonda linaoza masika ya kwanza, hela imeenda na mti umekufa.

Wa mbegu ndio mpango, wiki moja hivi ushachipua, mwaka mmoja na nusu au miwili maua hayo, na tumbo linatuna lenyewe. Weka mchanga wa chengachenga mwingi na samadi kidogo, kopo litobolewe chini, mvua zikizidi sogeza barazani, ukikata tawi nawa mikono na watoto wasiuchezee. Wangu sasa hivi una maganda mawili nimeyafunga uzi yasipasuke, maana mbegu zina manyoya huku na huku zinapeperuka zote, yakikauka anayetaka mbegu aje nimgawie bure.