Mfupa ukivunjika, nani aguse kwanza?

Kijana wa bodaboda akianguka na mguu ukapinda, ubishi huanza kabla hajanyanyuliwa. Mmoja anataka apelekwe hospitali. Mwingine anamjua mzee anayeunga mifupa kwa mafuta na mabanzi. Wa tatu ana ushahidi: shemeji yake aliambiwa mguu utakatwa, ndugu wakamtorosha wodini, leo anacheza mpira. Muulize daktari wa mifupa, naye atakueleza habari ya mtoto aliyeletwa na mkono mweusi, umekauka, baada ya kufungwa banzi na kuachwa siku kadhaa.

Wote wanasema kweli, ila kila mmoja ameona nusu. Kijiji kinaishi na waliopona. Walioharibikiwa walishapelekwa mjini. Daktari anaonana na walioharibikiwa tu, kwani aliyepona kwa mzee hana haja ya kumfuata. Kwa hiyo nikisikia mtaalamu akisema waganga wa mifupa ni wakata viungo, au jirani akisema hawajawahi kukosea, najua nasikiliza hesabu iliyofanywa kwa daftari moja kati ya mawili.

Baadhi ya sifa anazopewa mganga ni za mwili wenyewe. Mtulinga, yaani mfupa wa kati ya shingo na bega, ukivunjika kwa kawaida huunga kwa kutundika tu mkono shingoni. Mkono wa mtoto, kati ya kiwiko na kiganja, ukitulizwa bila kupinda sana, wiki chache zinatosha. Mfupa hauulizi umetulizwa kwa hogo, yaani plasta ngumu ya hospitali, au kwa vipande vya mwanzi na kitambaa cha khanga. Tena mzee ana mambo ambayo hospitali haina: yuko karibu, anapokea malipo kidogo kidogo, mgonjwa analala kwake akila chakula cha nyumbani, na hakuna anayemtajia kisu.

Madhara yanaanzia kwenye kukaza. Mkono uliovunjika huvimba, na uvimbe huendelea kwa siku mbili tatu. Banzi lililofungwa sawasawa asubuhi linaweza kuwa kitanzi jioni. Damu ikikatika, misuli huanza kufa ndani ya saa sita hivi. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann alishaeleza mwaka 1881 jinsi vidole vinavyojikunja milele baada ya hapo. Kipimo cha hatari hiyo hakihitaji mashine: bonyeza ukucha uwe mweupe, uachie, uone kama wekundu unarudi ndani ya sekunde mbili. Kisha nyoosha vidole taratibu. Mtoto akipiga kelele kuliko alivyolia alipovunjika, au akisema vidole vimekufa ganzi, kata kamba zote hapohapo. Mzee mwenye kiburi humwambia mama kuwa maumivu ni dawa inafanya kazi. Hilo mimi silisamehe, liwe limesemwa na mzee au na muuguzi aliyefunga hogo likabana, maana na hogo huua mkono vilevile.

Hospitali nayo haina mikono misafi. Tanzania ina Taasisi ya Mifupa Muhimbili, jijini Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na kuna hospitali za KCMC kule Moshi na Bugando Mwanza. Lakini aliyevunjika paja mbali na miji hiyo anaweza kulazwa na kuning'inizwa mguu kwa mawe ya uzito kwa wiki sita au zaidi, shamba likiota magugu na mke akishinda njiani na vyombo vya chakula. Ufundi wa kumwinua mapema upo: shirika la SIGN la Richland, Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999, hutoa misumari ya kupitishwa ndani ya mfupa wa paja hata pale pasipo mashine ya picha za moja kwa moja chumba cha upasuaji. Ukikosekana msumari, daktari au pesa, mtu anaondoka kwa mzee. Tusijifanye hatujui sababu.

Kwenye viungo na kano, yaani zile kamba zinazoshika mfupa na mfupa, hospitali inashindwa kimyakimya. Goti limelia "ta!" uwanjani na kuvimba ndani ya saa mbili. Picha inapigwa, jibu linatoka: hakuna kilichovunjika, chukua vidonge. Eksirei haionyeshi kano. Mikono ya daktari ingeonyesha, kwa kushika paja na kuvuta muundi mbele uone kama unateleza, kazi ya dakika moja. Mgonjwa aliyeondoka bila kuguswa anakwenda kwa anayemgusa, na huyo atamchua. Kuchua kiungo kilichoumia karibuni si huruma: kiwiko kilichokandwa kwa nguvu kinaweza kuota mfupa ndani ya misuli kikakaza.

Wanaotaka waganga wapigwe marufuku wakumbuke kuwa Hugh Owen Thomas wa Liverpool, ambaye banzi lake la paja liliokoa wanajeshi wengi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alikuwa mtoto wa muunga mifupa wa kienyeji. Na Ethiopia, ripoti ya kitabibu ya mwaka 2005 ilieleza kwamba mafunzo mafupi kwa waganga hao yalifuatiwa na kupungua kwa viungo vilivyokatwa kwa sababu ya kubanwa. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002, na baraza la kuwasajili. Pa kuanzia papo.

Ningeweka masharti machache. Mfupa wenye kidonda, kiwiko cha mtoto, nyonga iliyochomoka: haviguswi kwa mzee, hata kwa saa moja. Mengine ayapokee kwa sharti la kukagua kucha asubuhi na jioni na kuwa na namba ya simu ya daktari wa wilaya. Akikataa, afungiwe. Na daktari anayempokea mgonjwa aliyetoka huko aulize alifungwa lini, bila kugombeza. Ndugu wakigombezwa hudanganya saa, na bila saa hiyo daktari hawezi kuamua kama mkono bado unaokoleka.