Ziwa likifungwa, anayenyamaza ni binti

Kila yanapozungumzwa masuala ya afya ya akili ya wasichana hapa Kigoma, maneno huanzia kwa msichana na kuishia kwake. Anaambiwa ajitambue, apunguze simu, aepuke makundi mabaya, akazane na masomo. Semina zinafanyika, fulana zinagawiwa, picha zinapigwa. Sina ugomvi na semina. Lakini nimeishi Ujiji kwa muda wa kutosha kuona kwamba msichana aliyepoteza raha mara nyingi ni mtu wa mwisho kufikiwa na matatizo yaliyoanzia mbali naye. Tunamkalia kooni yeye kwa kuwa yuko karibu, na kwa kuwa hana ruhusa ya kujibu.

Mfano ulio wazi zaidi kwetu ni ziwa letu, Tanganyika. Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikishakua, taa hazivuti tena samaki kama inavyotakiwa, na kwa siku kadhaa mitumbwi hulala ufukweni. Siku za giza baba anarudi asubuhi na chochote mkononi, mama anapata mzigo wa kuanika, watoto wanakula na kwenda shule. Siku za mbalamwezi fedha inakauka na maneno yanaongezeka. Masika ina balaa lake. Mama amenunua dagaa wabichi, amewatandaza pale mwalo wa Kibirizi, mitumbwi inakoshusha samaki, wingu linatokea upande wa Kongo, na kabla hajawakusanya mvua imeshamwagika. Dagaa walionyeshewa huishia kuwa chakula cha kuku, na bei yake ni ya chakula cha kuku.

Mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Sababu naielewa na naiunga mkono, maana bila samaki hakuna Kigoma. Ila ziwa lilipofungwa, mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, haikufungwa. Marejesho ni kila wiki, mengine kila siku, na anayekusanya hajali kama dagaa wapo au hawapo. Ukishindwa anakuja kubeba godoro, televisheni, hata jiko la gesi, mchana kweupe, majirani wakitazama. Aibu ile haiishi siku ile. Mwanamke anaanza kupita njia za nyuma asikutane na watu, anashtuka kila simu ikiita, usiku anahesabu dari.

Mwanamke huyo ndiye anayeingia nyumbani jioni. Hawezi kumfokea mume, mdai ndiyo kabisa. Anayebaki ni binti wa kidato cha pili aliyeacha sufuria bila kuosha.

"Umekaa tu kama mgeni! Mimi nakufa huko kwa ajili yako!"

Katika nyumba zetu za kupanga ukuta haufichi kitu, na kauli ya namna hii nimeisikia mara nyingi mno. Binti hajibu. Anaosha sufuria, anasonga ugali wa muhogo, anamlisha mdogo wake, anaanika sare, na saa nne usiku ndipo anafungua daftari. Baada ya wiki kadhaa hali chakula vizuri, usiku halali vizuri, wenzake wakimwita hatoki, ukimsalimia anaitikia kwa kichwa. Ndipo hukumu zinapoanza. Shangazi anasema ana kiburi. Jirani anasema ana bwana. Mwingine anataka apelekwe kwa mganga. Kwamba mtoto amechoka na ana huzuni iliyomzidi, hilo hutajwa mwisho, kama litatajwa.

Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Chukua darasa lenye wanafunzi 70, ambalo kwetu si la ajabu: hapo ni watoto kumi. Shirika hilohilo linasema katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke mmoja kati ya watano aliyejifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa isiyoisha. Takwimu hizi mbili nazisoma kwa pamoja, kwa sababu watu hawa wanalala chini ya bati moja. Mama aliyezama kwenye sonona hana nguvu ya kugundua kwamba mwanawe naye anazama. Na binti akimwona mama yake kila siku akimeza machungu, anajifunza kwamba ndivyo mwanamke anavyoishi.

Nikisema haya, wapo wanaonijibu kwamba bibi zetu walipitia makubwa zaidi na hawakuugua sonona. Kwanza, nani aliwauliza? Wapo wazee wa kike ninaowafahamu ambao ukikaa nao hadi chai ipoe wanakusimulia mambo ambayo hawajawahi kumwambia mtu. Pili, bibi zetu walikuwa na watu. Msichana akibadilika aliitwa shangazi, akamchukua kando, akamsikiliza. Leo shangazi yuko Dar es Salaam au Kahama anatafuta maisha, anatuma vocha sikukuu. Na nyumba ya ukoo imegeuka vyumba viwili vya kupanga.

Sisemi tuwarudishe mashangazi wa zamani na kila kitu chao. Baadhi yao ndio waliofundisha wari, wasichana waliovunja ungo, kwamba kipigo ni sehemu ya ndoa, "hata sisi tulipigwa na hatukufa". Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulionyesha wanawake wanne kati ya kumi wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walishafanyiwa ukatili wa kimwili. Sikio la shangazi nalitaka. Nasaha ile hapana.

Sikio hilo nimeliona likifanya kazi mahali ambapo wengi hawapafikirii, kwenye kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Chini ya mwembe, mikeka imetandikwa, sanduku lenye kufuli tatu liko katikati, wanawake wananunua hisa. Mwenzetu mmoja akasimama kusema wiki hiyo hana marejesho tena. Kanuni ni faini. Mwenyekiti akafunga daftari akamuuliza, "Mdogo wangu, unalala usiku?" Yule mama alilia mpaka mtandio ukalowa. Kumbe anadaiwa sehemu tatu, na binti yake alikuwa ameacha kuzungumza naye tangu siku walipobebewa godoro. Hatukumpa hotuba. Mfuko wa jamii wa kikoba ukalipa deni dogo kati ya yale matatu, na mama mmoja mwenye chumba cha ziada akaomba binti akalale kwake hadi mitihani ipite. Basi. Binti alipata kitanda na utulivu wa kusoma, mama akapata mtu wa kumpigia simu usiku. Hakuna aliyemwita mtoto yule mkaidi tena.

Kina baba msidhani nawasahau. Baba anayekaa kijiweni miezi mitatu ziwa limefungwa naye anaumia, na hana kikoba cha kulilia. Lakini maumivu yake yakigeuka kufuli mdomoni au ngumi, yanawapata watoto kabla ya kumfikia mtu mwingine yeyote. Binti anayeambiwa na baba yake "nimekosa fedha, si kosa lako" ana nafuu kubwa kuliko anayekisia tu kwa nini nyumba imenuna.

Kwa hiyo nikiulizwa Kigoma inahitaji nini kwa afya ya akili ya wasichana, pamoja na wanasihi mashuleni, nitataja kitu ambacho watu watashangaa: mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri. Ile isiyo na riba, inayotengewa wanawake asilimia nne, vijana nne na watu wenye ulemavu mbili. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Mama aliyeikopa halmashauri hajifichi chooni kijana wa marejesho akipiga hodi, na nyumba yake inasikika tofauti saa moja jioni. Tatizo ni kwamba muuza dagaa hajui kuandika andiko la mradi, na katiba ya kikundi inamchosha kabla hajaanza. Maofisa maendeleo ya jamii wa kata washuke mwaloni asubuhi, wakae na wanawake pale wanapoanika, wawasaidie kujaza fomu hapohapo. Na ratiba ya kurejesha ipangwe kwa kutazama ziwa: miezi ambayo uvuvi umesimamishwa, marejesho nayo yasimame, na yaanze tena mitumbwi ikirudi majini.