Nani anajibu kamba ikivutwa?

Kwetu Pangani ukitaja nyumba za wazee, watu wanaona mzazi aliyetupwa. "Wazungu hawana huruma," basi, mjadala umefungwa. Mimi nahudumia wazee hapa Abingdon, mji wa kale wa Uingereza kando ya mto Thames, na nasema tunajisifu kupita kiasi.

Karibu na kanisa la St Helen's kuna Long Alley, nyumba za wazee zilizojengwa mwaka 1446: safu ndefu, mbele kibaraza chenye nguzo za mbao. Hadi leo wanakaa wazee, chini ya taasisi ya hisani iitwayo Christ's Hospital, iliyopewa hati ya mfalme mwaka 1553. Mtu wa Pwani haelezwi mara mbili: hiyo ni wakf, mali iliyotengwa daima kwa ajili ya hisani.

Za kisasa ni biashara. Mzee ananunua fleti yenye jiko lake na ufunguo wake, kisha kila mwaka analipia lifti, bustani na meneja. Akifariki, bili zinaendelea kuwaandama warithi mpaka fleti ipate mnunuzi. Mjukuu akija kulala, chumba cha wageni kinalipiwa. Hilo sitalizoea, hata mniambie nini. Ila bafuni inaning'inia kamba nyekundu inayokaribia kugusa sakafu, ili aliyeanguka aifikie akiwa palepale chini. Akiivuta, kuna mtu anayelipwa kujibu, hata saa tisa usiku.

Pangani anajibu nani? Tunasema familia. Mara nyingi familia hiyo ni binti mmoja, aliyeachika au aliyekosa kazi Tanga, na ndiye anayemgeuza mama kitandani usiku kucha. Sisi tulioko Ulaya tunatuma hela kwa simu, tunapiga video Ijumaa, halafu tunawasimanga Wazungu. Siku dada huyo akishikwa na mgongo, hakuna mpango wa pili.

Simtakii mama yangu fleti. Kibarazani kwake watu wanaokwenda kuvuka pantoni ya Bweni wanampigia hodi, na hiyo huwezi kuinunua Abingdon. Ninachotaka ni wakf yetu: vyumba vichache mjini, karibu na msikiti na hospitali, na kabla ya tofali la kwanza, mshahara wa muuguzi wa zamu ya usiku. Matofali tutachangishana kwa wiki moja kwenye WhatsApp, na picha tutapiga. Mshahara wa kila mwezi ndipo kundi linapokuwa kimya.